Mwalimu Asishike

Walimu wengine hufundisha kwa mdomo na mikono. Bi Cheche alifundisha kwa mdomo peke yake, maana mikono alikuwa amenyang'anywa. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajaanza somo, wanafunzi wake walimkabidhi kikombe kikubwa cha chai kilichojaa pomoni, naye ilimpasa akishike kwa mikono miwili mpaka somo liishe. Chai ikipungua, waliongeza. Akilalamika kwamba tumbo limejaa, walimjibu kwamba hakuna aliyemwambia anywe, ameambiwa ashike.

Sheria hiyo aliitunga kinyozi, mwanafunzi wa mwanzo kabisa, siku uvumilivu ulipomwishia. Alikuwa analehemu waya wake wa kwanza maishani, ulimi nje, jasho puani, Bi Cheche akampokonya chuma cha moto mkononi. "Hebu lete hapa, lete, utaunguza nyumba ya watu." Akaimaliza kazi kufumba na kufumbua, ikang'aa, akamrudishia. Kinyozi alikitazama kile kitu kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.

"Mwalimu," akasema, "nyumba yenyewe sijaiunguza hata kidogo. Sasa nitajifunza lini?"

Jumamosi iliyofuata kikombe kilikuwa mezani, na ukutani pamebandikwa karatasi ya herufi kubwa: MWALIMU ASISHIKE. Bi Cheche aliudhika, akasema hajawahi kuona darasa linalomfunga mwalimu pingu. Lakini alishika.

Darasa lenyewe lilikuwa chumba cha nyuma cha ukumbi wa michezo, ambako zamani ilihifadhiwa mikeka ya mazoezi. Meza ilikuwa ya mpira wa meza, wavu umeng'olewa, mstari mweupe wa katikati bado upo, na wanafunzi waligombania upande wa dirishani. Mle ndani, harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka ilichanganyika na jasho la zamani la mikeka, na hakuna dirisha lililoweza kuitoa. Hapo watu wazima ambao hawakuwahi kushika hata bisibisi walijifunza kuunda vitu visivyouzika popote: taa inayonuna ukiifunika kwa kiganja, ua la karatasi linalowaka likipulizwa, kisanduku kinacholia ukikipapasa.

Wengine hufungua darasa kwa kupenda elimu. Bi Cheche alilifungua kwa hasira. Maisha yake yote ya kazi alikuwa fundi wa redio, na maisha yake yote wateja walimwingilia dukani na sentensi ile ile: "Angalia tu, fundi, ni waya tu umechomoka." Waya tu! Kuna mmoja Bi Cheche alimjibu kwamba hata moyo ni nyama tu, aende buchani akabadilishiwe. Watu walipoacha kutengenezesha redio na kuanza kuzitupa, alifunga duka, akakaa nyumbani akigombana na kuta, mwisho akaomba kile chumba cha mikeka. Alitaka kabla hajafa wawepo walau watu wachache duniani wanaojua kwamba si waya tu.

Jina la Cheche alilipata utotoni, siku alipochomeka uma kwenye tundu la umeme ili aone umeme unakaa wapi. Aliyemwokoa ni kaka yake mkubwa, na hakumwokoa kwa mikono, kwa sababu aliogopa kumgusa. Alimwokoa kwa sauti. Alipiga ukelele hadi mtaa wa pili, jirani akaja mbio akazima swichi kubwa ya nyumba. Sauti ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa nene, ya kukwaruza, yenye kupanda na kuvunjika juu kabisa kama mlango usiotiwa mafuta, na kaka alipokua akaigeuza kazi: akawa mnadi. Kwenye minada ya samani zilizotumika, watu walisema kaka yule angeweza kukuuzia kiti chako mwenyewe huku umekikalia.

Kisha uvimbe ukamwota kooni. Wakamfanyia upasuaji, roho ikabaki, sauti ikaenda.

Mwanzoni aliandika kwenye simu. Lakini ugomvi wa kuandika haunogi, hilo waulizeni watu wa ndoa. Mpaka umalize kuandika "si nilikwambia mimi?" mkeo ameshatoka chumbani, ameshasahau hata mlichokuwa mnabishania. Kidogo kidogo akaacha. Mnadi mzima akawa mtu wa kukaa dirishani, na akihitaji kitu hugonga kijiko kwenye bilauri, ngi ngi ngi, mkewe aje.

Mkewe huyo, wifi yake Bi Cheche, alikuwa mshonaji. Alishonea nyumbani, chumba cha mbele, mguu juu ya pedali ya cherehani na pini mdomoni. Siku moja alitokea darasani bila kuitwa, akavuta kiti upande wa dirishani, akamwambia Bi Cheche mbele za watu:

"Wifi, nagongewa kijiko kama mhudumu wa hoteli. Nataka nimtengenezee kaka yako kitu kingine cha kuniitia."

"Nitakutengenezea mimi. Chai hii haijapoa utakuwa nacho."

"Nimesema nataka nimtengenezee mimi. Anayeitwa nani, wewe au mimi?"

Kama kuna mwanafunzi aliyeletwa duniani kupima subira ya mwalimu, ni yule. Aliambiwa ashike chuma cha kulehemu kama kalamu, akakishika kama mkasi. Aliambiwa kila kipande kina upande wake, akajibu kwamba kitambaa nacho kina upande wake na bado kuna watu wanavaa kinyume na wanapendeza. Alichagua kuunda kisanduku cha kulia. Juu yake aliweka vifungo viwili vya chuma, vile vya koti. Ukigusa vyote viwili kwa vidole, umeme mdogo hupita kwenye ngozi yako yenyewe, na spika iliyo ndani hulia. Ukikaza vidole, mlio hupanda. Ni saketi ya watoto. Bi Cheche angeweza kuiunda amelala.

Vita kubwa ilikuwa ya miguu. Kila kipande cha saketi kina miguu miwili ya waya. Unaipenyeza kwenye matundu ya ubao mdogo, unailehemu kwa chini, halafu mguu uliobaki unaukata kwa koleo ya kukatia, tik, tik, tik, ubao ubaki safi. Hata asiyejua kusoma anajua hivyo. Wifi alilehemu, akaweka chuma pembeni, akakunja mikono. Chini ya ubao wake miguu ilining'inia mirefu kama sharubu.

"Kata miguu, wifi," Bi Cheche alisema.

"Sikati."

"Kila mtu amekata."

"Kila mtu si mshonaji. Mimi sikati pindo la nguo kabla mwenyewe hajaivaa. Akinenepa je?"

"Kapasita hainenepi!"

"Ukishakata umekata," wifi alisema kwa upole wa kuudhi. "Kurudisha huwezi."

Chai ilimwagika, ikamuunguza Bi Cheche vidole. Kinyozi alikimbia kuongeza nyingine.

Kwa kuwa miguu ilikuwa mirefu, ubao haukukaa sawa ndani ya kisanduku cha sabuni ambacho wifi alikichagua kuwa nyumba yake, kile cha plastiki cha kusafiria. Kifuniko kilikataa kufunga. Wifi akatoa mkobani kipande cha lastiki ya kiunoni, akakizungushia kisanduku, akafunga fundo. Kisha akagusa vifungo. Kikatoka kitu kama mzee anayesafisha koo asubuhi.

"Kinakohoa," alisema Bi Cheche. "Kuna mguso mbaya humo ndani, nyaya hazishikani vizuri. Kilete nione."

"Shika kikombe," wifi alimjibu. Akakitia kisanduku mkobani, akaenda zake.

Wiki ile wifi alipiga simu mara mbili kusema kwamba kaka anaongea. Bi Cheche alisema vizuri, vizuri, akijua wifi yake anavyopenda kutia chumvi. Alipita nyumbani kwao siku moja akielekea kwenye shughuli zake, akawasikia toka getini. Wanandoa wale walikuwa wanabishana kuhusu dirisha, lifungwe au liachwe wazi. Wifi anasema lifungwe, vumbi. Kisanduku kinakoroma. Wifi anasema huoni nguo za watu hapa? Kisanduku kinapanda, kinakwaruza, kinavunjika juu kabisa, kisha kinashuka kwa vipande vipande kama mtu anayehesabu makosa ya mwenzake. Wifi akacheka. Dirisha likabaki wazi.

Na Bi Cheche, fundi mzima mwenye masikio mawili, unajua alichosikia? Alisikia mguso mbaya. Aliondoka akitikisa kichwa, akisema kimoyomoyo kwamba risasi ya pale haikushika vizuri na betri imeanza kuchoka. Mazoea yana taabu.

Mambo yaliharibika msimamizi wa ukumbi alipokuja kusema kwamba kamati ya ukumbi itatembelea darasa Jumamosi. Kuna kikundi cha mazoezi kinachokitaka chumba, alisema, na kamati inataka kuona kama kinachofanyika humo kinafanya kazi. Alisema "kinafanya kazi" huku akiitazama taa ya dari, ambayo ilikuwa inapepesa. Bi Cheche akaamuru kila mtu alete Ijumaa alichounda. Wifi alileta kisanduku akiwa amekikumbatia.

"Kesho hiyo hiyo kirudi," alisema. "Kaka yako amekitoa kama anang'olewa jino."

Ijumaa ile alasiri Bi Cheche alibaki na vitu vyote mezani, peke yake, na hakuna aliyekumbuka kikombe. Alisema atajaribu tu. Alijaribu taa ya kinyozi, akaona inachelewa kuwaka, akabadilisha kipande kimoja. Alijaribu ua la karatasi la mwanafunzi mwingine, mpishi, likawaka kabla halijapulizwa, akalinyoosha. Mikono ilishapata njia. Aliitazama kama mtu anayetazama maji yakiteremka mlimani, na kusema kweli alifurahi, kwa sababu kwa miezi mingi ilikuwa imekaa kwenye kikombe kama wafungwa. Alipofika kwenye kisanduku cha wifi alifungua lastiki akaivaa mkononi isipotee, akachomoa betri iliyochoka akaweka mpya, akayeyusha upya risasi iliyokuwa na mabonge, akafanya haya na yale, akafunga. Kifuniko kilifunga kwa mara ya kwanza. Aligusa vifungo. Piiii, safi, mlio mmoja usiotikisika. Alitabasamu.

Kamati ilikuja, ikagusa, ikapuliza, ikafunika kwa viganja. Hakuna kilichogoma. Mwenyekiti alisema ameridhika, chumba kikabaki chao, na msimamizi akaahidi hata kununua taa. Ungetegemea vigelegele. Wanafunzi walisimama nyuma ya vitu vyao kama watu waliosimama kwenye picha ya ukoo wa wengine. Kinyozi aliifunika taa yake kwa kiganja, akaifunua, akaifunika tena.

"Ilikuwa inanuna polepole," alisema. "Mpaka unaanza kujuta. Sasa inanuna kama askari."

"Sasa inafanya kazi," Bi Cheche alimjibu.

"Ndiyo, mwalimu."

Bi Cheche alimsindikiza wifi nyumbani, maana alitaka kuiona mwenyewe furaha ya kaka yake. Kaka alikuwa amekaa dirishani. Alikipokea kisanduku kwa mikono miwili, akakitikisa kidogo, akashangaa kifuniko. Akaweka vidole. Piiii. Alikunja uso, akalegeza vidole, akakaza. Piiii, juu zaidi, nyoofu kama rula. Akajaribu kukiminya chote kiganjani, kama alivyozoea, kwa nguvu hata mishipa ikamsimama. Piiii. Basi.

Alichukua simu. Hakuwa ameishika kwa kuandikia muda mrefu, akaandika taratibu, akampa dada yake asome.

*Hii si sauti. Hii ni kengele.*

Akakiweka kisanduku juu ya kabati, akarudi dirishani.

Siku zilizofuata wifi alisubiri kusikia kijiko. Angalau kijiko. Hakikulia. Alikuta chai ya mumewe imepoa na sukari ikiwa nje ya mkono wake, naye hakuiomba. Alimkuta jua limemhamia usoni, naye hakuomba pazia. Alimkuta amekaa na kiu kutwa nzima. Alipomuuliza kwa nini hakumwita, aligeuza uso. Mtu aliyepokonywa sauti mara moja huomboleza, mwisho huzoea. Aliyerudishiwa kisha akapokonywa tena, na dada yake, kwa nia njema, huyo huacha kuomba.

"Kirudishe kilivyokuwa," wifi alimwambia Bi Cheche kwenye simu. Hakuwa anatania wala kutia chumvi. "Sijui ulifanya nini. Kirudishe."

Rahisi kusema! Bi Cheche alikichukua, akakaa nacho kwenye meza yake ya kulia chakula. Aliitafuta betri iliyochoka, akairudisha. Kikalia piiii cha chini. Aliharibu risasi makusudi, akaweka mabonge, mkono ukikataa kama punda mbele ya daraja. Kikalia kama bata. Alipeleka. Kaka akatikisa kichwa. Aliulegeza waya wa spika. Kikalia kama bomba lenye maji nusu. Akatikisa kichwa. Alihamisha kipande hiki tundu la pili, akageuza kile, akafunga kingine kinyume. Kikalia kama pikipiki iliyokataa kuwaka, kikatoa moshi, akanunua vipande vipya. Alipeleka tena. Safari hii kaka hakutikisa hata kichwa. Alimpigapiga dada yake bega, kumfariji, na Bi Cheche afadhali angepigwa kofi.

Fundi aliyefufua redio za mji mzima alishindwa kuharibu kisanduku kimoja cha sabuni. Alijua alibadilisha betri, alijua aliyeyusha risasi. Na lile "haya na yale"? Hakuna cha kukumbuka. Ukiulizwa leo umefunga vifungo vya shati kuanzia juu au chini, utajua? Mikono ilifanya, na mikono haina mdomo.

"Hebu niambie ulikiundaje," alimbana wifi.

"Nilifanya ulivyosema."

"Wewe? Tangu lini ukafanya nilivyosema?"

"Basi sikufanya," wifi alisema, akaanza kulia, na Bi Cheche, ambaye alikuwa amejaa hasira hadi kooni, akakosa wa kumtupia.

Ndipo akasema neno ambalo kwa tabia yake lilimgharimu kuliko yote. "Kiunde tena. Mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitashika kikombe."

Walifanya hivyo chumba cha mbele, kwenye meza ya cherehani, asubuhi. Kaka aliletwa kwenye kiti akae aone, ingawa alitazama zaidi nje. Lakini ni yeye aliyeinuka kwenda jikoni, akarudi na kikombe kikubwa kilichojaa pomoni, akamkabidhi dada yake mikononi bila kutabasamu.

Yaliyofuata yalikuwa mateso. Wifi alishika chuma kama mkasi. Alipenyeza kipande tundu lisilo lake, akakitoa, akakirudisha lile lile, akakitoa tena. Alitia risasi nyingi hadi ikatoa nundu. Alisimama katikati ya kulehemu kwenda kuongea na mteja mlangoni kuhusu mikono ya gauni, chuma kikibaki kinafuka moshi kando ya kitambaa cha watu. Bi Cheche aliuma midomo. Alitazama dari. Vidole vyake vilizunguka kikombe kama vinakikaba. Mara tatu alisema "wifi," na mara tatu wifi alimpiga jicho, akanyamaza. Alitaka kupiga kelele kwamba hapana, hapana, si hivyo, lete hapa! Kama kuna malipo ya walimu, na wampe yote kwa asubuhi ile.

Hatimaye vipande vyote vikawa vimeshika. Wifi aligeuza ubao. Chini yake ikaning'inia miguu, mirefu, imejikunja huku na huku kama sharubu. Akaweka chuma pembeni, akavuta kisanduku cha sabuni.

Kinywa cha Bi Cheche kilifunguka chenyewe. "Kat..."

Neno likakwama hapo. Aliitazama ile miguu. Akautazama mkono wake, ambako ile lastiki bado ilikuwa imevaliwa, imeacha alama kwenye ngozi. Tik, tik, tik. Alikuwa ameikata. Ijumaa ile, bila kuwaza, kama mtu anavyofuta makombo mezani, aliikata miguu yote, ndiyo maana kifuniko kilifunga. Miguu mirefu ndani ya kisanduku cha plastiki laini: kila kaka alipokiminya kiganjani, iligusana, ikaachana, ikakwaruzana, kidogo akiminya kidogo, sana akiminya sana. Ilikuwa ikifanya kazi ya koo. Na yeye, bingwa wa migusano mibaya, alikuwa amelikata koo la kaka yake kwa koleo, kisha akatabasamu.

Chai ilimmwagikia mapajani. Hakusogea.

"Mbona husemi?" wifi aliuliza bila kuinua macho. "Hapa ndipo unaposema nikate."

"Usikate," Bi Cheche alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Wifi, tafadhali. Usikate hata mmoja."

Wifi alimgeukia, akamwona, akaacha kuuliza. Alilazimisha ubao ndani ya kisanduku, akaweka kifuniko, kikakataa kufunga. Akanyoosha kiganja. Bi Cheche aliweka kikombe chini, akavua lastiki, akampa. Ukiacha kikombe, hicho tu ndicho alichoshika siku ile.

Kaka hakukipokea mara moja. Alikuwa ameshadanganywa na bata, na bomba, na pikipiki. Wifi alimwekea mapajani, akarudi kwenye cherehani yake akajifanya anatafuta uzi. Kisha kaka akaweka vidole, na kiganja kikafuata, kikaminya kidogo.

Kikakoroma.

Akaminya zaidi. Kikapanda kikikwaruza, nene, kikavunjika juu kabisa kama mlango usiotiwa mafuta, na Bi Cheche akaisikia sasa, akaisikia kwa nywele za shingoni, sauti iliyomwitia jirani siku ya uma. Haikuwa ile ile, la, hakuna saketi ya namna hiyo. Lakini mwenye nayo alikuwa yule yule. Kaka alimgeukia, akamnyooshea kidole kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaanza. Alikoroma, akapanda, akashuka, akapumua, akaanza upya kwa mapigo yale ya mnadani, mara ya kwanza, mara ya pili, akihesabu kosa moja baada ya lingine: siku zote zile, kiu yote ile, jua usoni, na yeye na mikono yake isiyotulia. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira. Alikuwa na hasira kweli, na hakuna aliyewahi kupendeza hivyo.

"Anasema..." wifi alianza.

"Usinitafsirie," Bi Cheche alimkatiza, machozi yakimtiririka bila aibu. "Huyu kanigombeza kabla wewe hujamjua." Akamgeukia kaka yake, mikono yote miwili ameiweka mgongoni kama mtoto aliyekamatwa. "Nimesikia, kaka. Nimekusikia."

Kaka alitua kidogo, kama mtu ambaye neno hilo hakulisikia siku nyingi. Kisha akavuta pumzi, akakaza kiganja, akaendelea kumgombeza mpaka chakula kikaiva.